Fumbo la Bahari katika Santuri ya Sandy Denny

Msomaji wa pwani hahitaji kufunzwa kuwa bahari ni fumbo. Washairi wetu wameitumia kwa karne nyingi: chombo ni mwili, au ni ndoa, na dhoruba ni masaibu. Hivyo aisikilizapo The North Star Grassman and the Ravens, santuri aliyoitoa Mwingereza Sandy Denny mwaka 1971, hujiona yuko nyumbani. Kisha hushtuka, kwani fumbo hili halifumbuki.

Denny alikwisha kujulikana. Mwaka 1969, akiwa na kundi la Fairport Convention, alishiriki katika Liege & Lief, iliyooanisha nyimbo za jadi za Uingereza na magitaa ya umeme. Akaliacha kundi hilo, akaunda Fotheringay, nalo likavunjika mapema 1971. Ndipo akasimama kwa jina lake mwenyewe, mwenzake wa zamani Richard Thompson akiwa kando yake na gitaa.

Nyimbo ni kumi na moja, na zilizo bora nyingi ni tungo zake. Katika "The Sea Captain" na katika wimbo uliobeba jina la santuri, safari huanza bila ya sisi kuambiwa itaishia wapi. Nyota ya kaskazini, iwaongozayo manahodha, imo katika jina, lakini bandari haionekani. Msikilizaji anaweza kumlaumu, na lawama yake ina uzito: fumbo lisilo na ufunguo huwa kificho tu. Hata hivyo, sauti humtetea mtunzi. Haipigi kelele, huivuta silabi, huikunja, huiachilia taratibu. Tunachopewa si habari za msafiri, bali hali ya aliyebaki ufukweni, asiyejua.

Kasoro ipo katika nyimbo mbili za kuazima. "Down in the Flood" ya Bob Dylan ina maji, lakini ni ya mafuriko, si ya safari. Na "Let's Jump the Broomstick", iliyovumishwa na Brenda Lee, ni mchezo mtupu. Zote mbili huikata safari. "Blackwaterside", wimbo wa jadi wa msichana aliyelaghaiwa na mpenziwe, hauikati, kwa kuwa nao ni wa mtu aliyeachwa.

Denny alifariki mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 31. Tusizigeuze nyimbo hizi kuwa utabiri wa kifo chake. Alizirekodi akiwa na miaka 24, na jambo alilolieleza hulijua kila aliyewahi kusimama gatini akikitazama chombo mpaka tanga lipotee.