Ufundi wa Kutembea Kimya

Kando ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, ambako michai hupogolewa ikalingana hadi ukingoni mwa msitu wa Mau Kusini-Magharibi, umesalia ufundi usio na karakana wala cheti, nao ni ule wa kumwongoza mgeni msituni kwa miguu na hatimaye kumfikisha katika boma la wenyeji. Wapo wanaodhani kwamba kazi hiyo ni kuijua njia tu. Njia, hata ng'ombe waendao malishoni huijua. Kiongozi hasa ni msomaji, ambaye husoma kinyesi kibichi, tawi lililovunjika na ukimya wa ghafla wa ndege, kisha akaamua lipi alinene na lipi auachie msitu.

Ufundi huu haukuzaliwa na utalii, bali ulilelewa na warina asali, hasa Waogiek, ambao kwa vizazi walitundika mizinga ya magogo mitini na kuhama ukanda mmoja wa mlima hadi mwingine wakiyafuata maua. Walimjua vyema mlembe, yaani ndege mdogo anayewaelekeza watu kwenye nyuki ili naye apate nta na majana, na mtu anayemfuata mlembe huyo hana budi kutembea masikio yakiwa wazi.

Kiongozi aliyefunzwa hivyo akiufikia tendwet, mti ambao wataalamu huuita Prunus africana, huanza bila kusema neno: huchuma jani, hulifikicha na kumpa mgeni anuse harufu yake ya lozi chungu. Kisha hupapasa upande mmoja wa shina, penye kovu refu la gome lililobanduliwa zamani na ambalo kingo zake zimeanza kuzibana polepole, halafu huzunguka hadi upande wa pili, ambao haukuguswa, akamwacha mgeni ang'amue mwenyewe kwamba aliyechukua dawa hapo alikusudia mti uendelee kuishi. Tendwet wa jirani huenda amebanduliwa pande zote, naye amekauka akiwa wima. Gome hilo hutafutwa pia na watengenezaji wa dawa wa Ulaya kwa ajili ya maradhi ya tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya mkataba wa CITES, unaodhibiti uuzaji wa wanyama na mimea iliyo hatarini. Lakini maelezo hayo yote, pamoja na usahihi wake, hayamwingii mgeni kama zile hatua nne tano za kulizunguka shina.

Ziara ya kijijini ina adabu zake. Mgeni husubiri hadi salamu ya "Chamgei" iitikiwe, ndipo akaribishwe mursik, yaani maziwa yaliyochachishwa ndani ya sotet, kibuyu kinachosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Kiongozi hodari hapo hukaa kando, kwa kuwa kibuyu kina mwenyewe, na simulizi yake ni ya mama wa boma.

Siku hizi kiongozi hukodiwa kwa saa, akapiga mluzi ili mbega walio juu wageuke wapigwe picha, na akina mama wakapangwa mstari waimbe kwa dakika kumi. Si haki kumlaumu yeye peke yake. Mwaka 2001 serikali iliondoa takribani hekta 61,000 za misitu ya Mau katika hifadhi, na wajuzi wenyewe walifukuzwa mara kwa mara kana kwamba ndio waliouharibu msitu. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba haki za Waogiek zilikiukwa, na mwezi Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia na wapewe hati ya ardhi yao ya asili. Hukumu ni jambo kubwa, ila mizinga haitundikwi na hukumu, na kijana asiyewahi kulala msituni na mrina asali atajifunza miti kwenye simu, ambayo haina harufu ya lozi.

Anayekwenda Kericho au Bomet kutembea msituni na amuulize kiongozi wake, kabla hawajapatana bei, alifundishwa na nani.