Kutoka Gwaridani Hadi Kwenye Kalamu

Septemba 1940, ndege ya kivita aina ya Gladiator ilianguka jangwani Misri, si mbali na Mersa Matruh. Rubani wake, kijana wa miaka 24, alikuwa ameelekezwa kiwanja asichokiona. Giza likaanza kuingia, mafuta yakapungua, akalazimika kutua penye mawe. Fuvu lilipasuka, pua ikapondeka, na kwa muda akawa haoni.

Kijana huyo ni Roald Dahl, ambaye vitabu vyake vya watoto husomwa duniani kote. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa Shell, Dar es Salaam. Vita vilipotangazwa mwaka 1939 alikabidhiwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, kisha akaenda Nairobi kujifunza urubani.

Mwaka 1942, Dahl akiwa Washington, mwandishi C.S. Forester alimwomba amsimulie mkasa ule ili yeye Forester auandike. Dahl aliona heri aandike mwenyewe dondoo chache. Zilikuwa nzuri kiasi kwamba Forester alizipeleka kama zilivyo, na jarida la Saturday Evening Post likazichapa kwa kichwa kilichodai kwamba alitunguliwa Libya. Hakutunguliwa, wala haikuwa Libya! Mwaka 1986, katika *Going Solo*, alieleza ilivyokuwa hasa.

Risasi peke yake haimfanyi mtu mwandishi. Jeshi humzoesha kutaja saa, mahali na idadi, na humlaza hema moja na watu ambao asingekutana nao kwao. Malighafi ndiyo hiyo. Inayobaki ni kazi ya fundi: kuchagua, kufuta, kuandika upya.

Waruhiu Itote wa Kenya hakupata Forester wake mapema. Alipigana Burma katika KAR, akasikia huko maswali ya uhuru kutoka kwa askari wa mataifa mengine, akarudi na kuingia msituni na wapiganaji wa Mau Mau kama Jenerali China. Alikamatwa mwaka 1954, akahukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo. Kitabu chake, *"Mau Mau" General*, kilitoka mwaka 1967, zaidi ya miaka ishirini baada ya Burma.

Maelfu ya wenzake wa KAR walizikwa na simulizi zao. Wazee waliopigana vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, 1978 hadi 1979, wengine bado tunao. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani ampe daftari, au akae naye aandike anayoyasema.