Maombolezo: Tumaini halimzibi mfiwa kinywa

Katika matanga mengi ya Kikristo nchini, mhubiri hukifungua kitabu cha Maombolezo pale pale: sura ya 3, aya ya 22 na 23, zinazosifu uaminifu wa Mungu. Akishasoma humgeukia mjane: “Mama, wacha kulia. Kazi ya Mungu haina makosa.” Usomaji huo una kasoro.

Kitabu hiki kinalilia Yerusalemu iliyoangamizwa na Wababeli yapata mwaka 586 KK. Kati ya sura zake 5, nne za kwanza hufuata mpangilio wa herufi 22 za Kiebrania. Sura ya 1, 2 na 4 zina aya 22 kila moja. Ya 3 ina 66, yaani aya tatu kwa kila herufi. Tafsiri tulizozoea za Kiswahili hazionyeshi mpangilio huo, hivyo hatuoni kwamba mtunzi aliipa huzuni alfabeti nzima. Hapayuki, kilio chake kimefanyiwa kazi herufi kwa herufi.

Muhimu zaidi ni mahali pa tumaini. Limekaa katikati. Kabla yake, msemaji analalamika kwamba Mungu amemvizia kama dubu. Baada yake, sura ya 4 inarudi kwenye njaa na watoto wanaokosa chakula. Sura ya 5 ina aya 22 ila imeuacha mpangilio wa herufi, na inafunga kwa hofu kwamba huenda Mungu amewatupa kabisa. Wayahudi wanapokisoma hadharani siku ya mfungo wa Tisha B’Av, huirudia aya ya kabla ya mwisho ili wasiishie kwenye hofu hiyo. Lakini hawairuki. Huisoma kwanza.

Kiswahili chenyewe kinatusuta. Kuomboleza si kutoa machozi tu. Ni kulia kwa maneno, na hubeba pia maana ya kusihi. Ndiyo maana mbolezi ni kipera kamili cha fasihi simulizi. Anayeomboleza anasema na mtu. Mjane anayemuuliza Mungu “Mbona?” bado anazungumza naye, aliyekata tamaa hana wa kumuuliza. Yesu mwenyewe msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, inayoanza kwa swali lilo hilo.

Basi mhubiri aisome sura ya 3 kuanzia aya ya kwanza. Na kama ni lazima isemwe kwamba kazi ya Mungu haina makosa, aseme mfiwa mwenyewe, siku atakayoweza.