KenyaEMR na Hibernate: inapofaa na inapolemea

Mvuvi wa Sindo anayetumia dawa za ARV hadumu karibu na kliniki moja. Samaki wakipatikana kwa wingi upande wa Mfangano au Muhuru Bay, huko ndiko aendako, na huenda tembe zikamwishia akiwa ugenini. Homa Bay na Migori, yalimo maeneo hayo, zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya VVU nchini Kenya, kwa hiyo rekodi iliyopotea huko ni tiba iliyokatika. Tuangalie basi jinsi rekodi hizo zinavyotunzwa ndani ya kompyuta.

KenyaEMR, mfumo wa kompyuta wa kutunza rekodi za wagonjwa, ilianza kusambazwa mwaka 2012 katika kliniki za VVU. Imejengwa juu ya OpenMRS, ambayo chimbuko lake ni Eldoret. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Marekani, waliona mfumo wa awali wa mradi wa AMPATH ukizidiwa na idadi ya wagonjwa, wakachora upya muundo wa hifadhidata. OpenMRS imeandikwa kwa Java na data yake hukaa kwenye hifadhidata ya MySQL. Katikati ya hizo mbili imewekwa Hibernate, maktaba ya programu iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001.

Kazi ya Hibernate ni ukalimani. Kwa Java, mgonjwa ni kitu kimoja kizima. Kwa MySQL, ametawanyika katika majedwali. Jina lake limo katika person_name, jinsia na tarehe ya kuzaliwa katika person, nambari yake ya CCC, yaani ya kliniki ya VVU, katika patient_identifier. Nambari hiyo ina tarakimu 10, na tano za kwanza hutambulisha kituo alikosajiliwa. Kila hudhurio huingia encounter, na kila kipimo, kuanzia uzito hadi kiwango cha virusi, hupata safu mlalo yake katika obs. Mtayarishaji wa programu anaagiza tu mgonjwa ahifadhiwe. Hibernate inatunga amri za SQL, lugha ya hifadhidata, inazipanga, na kuzitekeleza ndani ya muamala mmoja: zote zipite au isipite hata moja. Umeme ukipotea katikati, hakuna mgonjwa anayebaki nusu.

Faida ya pili haionekani upesi. Hibernate huruhusu mabadiliko yadakwe kabla hayajaandikwa, na OpenMRS hutumia nafasi hiyo kujaza changed_by na date_changed bila kutegemea kumbukumbu ya mtayarishaji. Rekodi za mgonjwa nazo hazifutwi kikawaida. Tuseme karani ameandika kilo 650 badala ya 65. Katika matoleo ya karibuni, safu mlalo ya makosa hutiwa alama ya voided, na mpya huandikwa ikiielekea ile ya zamani kupitia previous_version. Daktari anaona 65, na mkaguzi anaweza kujua nani alisahihisha na lini.

Udhaifu hujitokeza wagonjwa wanapokuwa wengi. Kwa kawaida Hibernate huleta kilichoombwa tu, na viambatanisho vyake husubiri hadi viguswe. Omba orodha ya wagonjwa 200, kisha upitie mahudhurio ya kila mmoja: swali moja la orodha kwa hifadhidata linafuatwa na maswali 200 mengine. Mbele ya mgonjwa mmoja hutahisi chochote. Ukiandaa MOH 731, ripoti ya mwezi ya huduma za VVU, kwenye seva ndogo ya kliniki, utangoja.

Waundaji wa KenyaEMR hawakung'ang'ana na Hibernate hapo. Walitenga hifadhidata ya pili, kenyaemr_etl, yenye majedwali yaliyonyooshwa kama etl_patient_demographics, ambayo hujazwa kwa SQL ya moja kwa moja. Ripoti husoma huko. Gharama ni mbili: takwimu huwa nyuma ya hali halisi hadi majedwali yahuishwe, na swali jipya likiongezwa kwenye fomu, SQL ya upande wa pili nayo lazima irekebishwe. Ukisahau, kliniki itakuwa na data ambayo ripoti haiioni.

Hata hivyo uamuzi wa kutenganisha kazi hizo mbili ulikuwa sahihi. Mhudumu anayemhudumia mvuvi aliyerudi kutoka visiwani anahitaji rekodi moja, nzima na yenye historia, na hapo Hibernate inastahili nafasi yake. Anayehesabu wagonjwa wa kituo kizima anahitaji SQL. Kwa vijana wanaounda mifumo ya afya, ombi ni hili: washeni hibernate.show_sql na mhesabu amri zinazotoka kabla ya kupeleka programu kliniki. Ukurasa mmoja ukizaa mamia ya maswali, rekebisheni ukiwa bado mezani kwenu.