Mkono wa Upinde

Katika fidla ya Ireland, mkono wa kushoto hutafuta sauti, lakini mkono wa kulia, ule ushikao upinde, ndio unaotaja kwao mpigaji. Wimbo mmoja wa ngoma ukipigwa Donegal, kisha Sligo, kisha mpakani mwa Cork na Kerry, mwenye sikio zuri husikia lafudhi tatu.

Donegal, kaskazini-magharibi, upinde huenda na kurudi karibu kwa kila noti, mfupi na mkali. Vizazi kwa vizazi watu wa huko walivuka bahari kufanya vibarua Scotland wakarudi na nyimbo, na ndiyo maana ngoma za Kiskoti zina makao hapo. Mpiga fidla wa huko John Doherty, aliyefariki mwaka 1980, alizaliwa katika ukoo wa mafundi bati waliohamahama. Inasimuliwa kwamba mara nyingi alisafiri bila fidla, kwa kuwa nyumba alizofikia zilikuwa na ya kumpa. Akiishika, aliweza kuifanya ilie kama zumari ya mfuko.

Sligo mvuto mmoja wa upinde hubeba noti kadhaa, na wimbo hukimbia kwa wepesi na madoido tele. Mpiga fidla wa huko Michael Coleman alihamia Marekani mwaka 1914, na tangu 1921 akarekodi santuri mjini New York. Zilipofika Ireland, vijana wa kaunti nyingine walimwiga kwa kusikiliza gramafoni. Ufundi wake ulistahili heshima hiyo. Hata hivyo, uliifunika mitindo ya vijiji vingi.

Sliabh Luachra, huko mpakani, mtindo ulishikiliwa na mtu mmoja mwenye miguu isiyochoka.

Pádraig O'Keeffe alipoteza kazi ya ualimu wa shule mwaka 1920, akaanza kufundisha fidla nyumba hadi nyumba. Aliwabunia wanafunzi maandishi mepesi: nafasi nne baina ya mistari mitano ya muziki zilikuwa nyuzi nne, na tarakimu zilionyesha kidole. Walijifunza nyimbo za ngoma ziitwazo polka na slaidi, ambazo upinde huzisukuma kwa nguvu ili miguu ya wachezaji isipoteze mdundo.

Mwaka 1952 mkusanyaji wa nyimbo Séamus Ennis aliirekodia BBC fidla ya O'Keeffe pamoja na za wanafunzi wake wawili, Denis Murphy na dada yake Julia Clifford. Ndugu hao walizoea kupiga pamoja, mmoja juu, mwingine oktava moja chini. Wanaojifunza mtindo huo leo bado huzirudia rekodi zile, wakisikiliza kwa makini pale upinde unapogeuka.