Tungamo, Uzito na Kilo: Tahakiki ya Istilahi

Istilahi sanifu za fizikia zinazotumika Tanzania huita tungamo kile ambacho vitabu vya Kifaransa vinavyosomwa Kongo hukiita masse. Poids ni uzito, na force ni kani. Wako pia waandishi wanaopendelea masi. Maneno haya yanastahili kuhakikiwa, si kwa uzuri wa sauti zake, bali kwa jinsi yanavyomwongoza au kumpoteza mwanafunzi anayetakiwa kutoka katika kilogramu na kufika katika newtoni.

Tungamo limetokana na kutungama, yaani kuganda kwa kitu cha majimaji. Hewa haitungami, ilhali nayo ina tungamo. Uzito ndio uliobebeshwa mengi zaidi: uji huwa mzito, usingizi huwa mzito, na hata neno la mzee huwa zito. Walakini hizo ni kasoro ndogo. Mfaransa naye husema poids sokoni bila kuwaza kani yoyote, na hakuna aliyedai kwamba kwa sababu hiyo Kifaransa hakifai maabarani.

Kasoro kubwa imo katika vizio. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa 1901 ulitamka kwamba kilogramu ni kizio cha tungamo, na kwamba uzito ni wa jinsi moja na kani. Newtoni ilipewa jina lake rasmi mwaka 1948. Basi mwandishi anayeandika “uzito wa kilogramu 50” katika sura ya kwanza, kisha akafundisha kanuni ya uzito katika sura ya tatu, amekwisha kuifuta tofauti aliyokusudia kuieleza. Gunia lenye tungamo la kilogramu 50 lina uzito wa newtoni 490 hivi, kwa kuzidisha kwa 9.8, mwenye newtoni 490 hugawanya kwa 9.8 akarudi alikotoka. Mwezini, ambako kizidisho ni 1.62, uzito hushuka hadi newtoni 81, na mahindi hayakupungua hata punje.

Kilogramu-kani, yenye newtoni 9.80665, inapotosha zaidi kuliko tungamo na uzito kwa pamoja. Kwayo 50 hubaki 50 upande huu na upande ule, na mwanafunzi haoni kuna kazi gani ya kufanya.

Mizani yenyewe ingemfundisha vizuri zaidi. Ile ya sahani mbili hulinganisha tungamo kwa tungamo. Ile ya springi hupima kani, kisha huandika kilo, kwa kuwa mgawanyo umekwisha kufanywa na fundi aliyechora namba zake. Springi iliyorekebishwa karibu na ncha ya dunia, ikiletwa Kisangani, karibu na ikweta, ingempunja mwuza gunia hilo takriban robo kilo. Zoezi la namna hiyo halimo katika vitabu vingi; vingi hutoa fasili mbili na kumwachia msomaji azipatanishe mwenyewe.