Kasiksi na Joto la Kutengenezwa

Mzabibu hauna makao Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mji umekaa kusini mwa Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei. Mkulima wa zabibu wa Dodoma ana ukame wa kumsaidia. Huku Bushi, nchi ya Washi inayouzunguka mji, unyevu haumpi mtu nafasi hiyo. Unaostawi ni mgomba, na divai yake ni kasiksi.

Ukipanda kutoka ziwani kwenda Kabare au Walungu, utaona mvua ilivyoipanga nchi. Nyumba imezungukwa na migomba, chini yake kuna maharage na magimbi. Majani mapana huvunja nguvu ya matone, na yale makavu hutandazwa ardhini ili udongo usiteremke na maji.

Lakini hewa ya milimani ina deni lake. Ubaridi huchelewesha ndizi kukomaa, na hata zikikomaa, wanga wake haugeuki sukari upesi. Bila sukari hakuna pombe. Hapo ndipo ufundi unapoanza: joto ambalo mlima umelinyima tunda, fundi hulitengeneza mwenyewe.

Huchimba shimo, huchoma ndani yake majani makavu ya mgomba, kisha hulitandika majani mabichi. Ndizi hupangwa humo, hufunikwa na kuzibwa kwa udongo. Gesi zinayotoa zenyewe hubaki humo humo na kuivisha kila moja pamoja na mwenzake. Siku za kusubiri hutegemea hali ya hewa, kilimani huongezeka. Shimo likifunuliwa mapema, juisi itakuwa kidogo na yenye ukakasi; likichelewa, ndizi zitaoza.

Zikimenywa, hukandwa ndani ya mtumbwi wa mbao pamoja na nyasi. Nyasi hushika nyama ya tunda na kuachia maji matamu, ambayo hata watoto hunywa. Hapo huongezwa unga wa mtama uliokaangwa ili kusaidia kuchachuka, na chombo hufunikwa mahali pa joto kwa siku mbili tatu.

Hakuna kipimajoto katika kazi hii. Kuna pua, kiganja na uvumilivu. Anayetia sukari ya dukani ili kukwepa shimo atapata pombe ya kulevya, lakini hatapata kasiksi.